Fundi Cherehani Ajifunza Kuwanoa Viongozi

Bertilla alikuwa fundi cherehani pale Majengo, Sumbawanga. Kwa miaka kumi na tisa alishona sare za kwaya na za vikundi. Anayeleta kazi ya sare kwa kawaida ni kiongozi wa kikundi. Basi akishapimwa haondoki. Anakaa kwenye benchi na kutoa ya moyoni: wanachama wavivu, katibu anasengenya, mikutano haiishi. Bertilla alisikiliza, akauliza hili na lile, na mtu akaondoka ameiona njia.

Cherehani ilimlisha na hakuidharau. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye yale mazungumzo. Mwaka mpya ulipoingia alimwambia mumewe, Isdori, kwamba anataka kuacha ushonaji, awe mtu wa kuwanoa viongozi. Isdori, mkulima wa mahindi, akaweka tonge chini.

"Mama Timoth, kuna mtu analipwa kwa kuuliza maswali?"

"Hakimu."

Isdori alicheka, ila hakukubali upesi. Mwisho walipatana ajaribu kwa kikundi kimoja hadi Pasaka. Kikimshinda, arudi kwenye cherehani na habari hizo ziishe.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha kijiji cha Pito, akina mama thelathini wanaolima kwa ntumba. Hivyo ni vilima vya udongo vinavyofukia majani ili yaoze yawe mbolea. Mwenyekiti wao, Mama Jovina, alikuwa na miaka sitini, mchapakazi kweli kweli. Kila asubuhi alimpangia kila mtu mstari wake wa vilima, yeye mwenyewe. Wakazoea hivyo. Siku moja mwezi wa pili alikwenda msibani. Wenzake wakakalia mipini ya majembe hadi saa sita mchana, kisha wakarudi makwao. Hakuna aliyethubutu kuanza. Na majani yasipofukiwa wakati mvua ipo, hayaozi.

Bertilla alipopata habari akaenda kesho yake. Alimpa mzee shikamoo yake vizuri, halafu akageuka, akasema mbele ya wote, "Mama, kosa ni lako. Umewafanya watu wazima kuwa watoto."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoharibu kila kitu. Katika wale thelathini walikuwemo wakwe wa Mama Jovina, na mzee hasemwi mbele ya wakwe zake. Mama Jovina alitia jembe begani akaondoka, na kazi ikafa siku hiyo pia.

Bertilla alikwenda kwa Zenon, afisa maendeleo ya jamii wa kata, akamweleza yote. Zenon alimwuliza kwenye benchi lake huwa anafanya nini.

"Nasikiliza. Nauliza."

"Na Pito?"

"Kule nilisema mimi."

"Pito ulikwenda kutoa hukumu," Zenon alisema. "Kazi hii ina adabu yake. Mtu akubali mwenyewe kusaidiwa. Mkae wawili, na ya huko yabaki huko. Uliza swali fupi, kisha uvumilie kimya. Njia aichague yeye, maana ndiye atakayeipita."

Akamwonya pia asiitupe kazi inayomlisha kwa siku moja. Atenge siku mbili za wiki, na ajifunze kwanza. Kulikuwa na mafunzo ya wawezeshaji wa vikundi pale mjini, ya wiki mbili. Bertilla akajiandikisha.

Alipomaliza alikwenda nyumbani kwa Mama Jovina. Alichuchumaa mlangoni, akapiga makofi ya heshima, akaomba radhi. Mzee aliendelea kuchambua maharage kana kwamba kaingia kuku. Ungo ulipokwisha ndipo akasema, "Ukubwa ni jaa, mwanangu. Kila uchafu unatupiwa wewe."

Jibu lilimjia Bertilla ulimini. Akalimeza, akauliza:

"Mama, utapanga mistari yote mwenyewe mpaka lini?"

Kimya. Bertilla akakivumilia, ingawa magoti yalimuuma.

"Mgongo umeshakataa," mzee alisema.

"Nani unaweza kumwachia mstari mmoja?"

"Hakuna." Akachota maharage mengine. "Labda Rosina, mkwe wangu. Lakini ataupinda."

Wakawa wanakutana kila Alhamisi, wawili tu. Bertilla hakumpa amri hata moja. Mama Jovina mwenyewe ndiye aliyewachagua Rosina na wenzake wanne, akawaonyesha namna ya kupanga, kila mmoja na upande wake wa shamba. Mwezi wa tatu alikwenda kutibiwa mgongo, akalala mjini siku mbili. Aliporudi shambani Bertilla alikuwa naye.

Majani yote yalikuwa yamefukiwa. Ila mstari wa Rosina ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Akina mama wakangoja radi. Mama Jovina alifungua mdomo, akaufunga, akautazama ule mstari hadi mwisho wake.

"Rosina," alisema, "ungeupanga tena, ungeanzia wapi?"

Rosina alionyesha kisiki kilichompotosha, kisha akaeleza. Wenzake wakasogea kusikiliza.

Baada ya Pasaka walikuja wenyeviti wawili wa vikundi vya Malangali wakimtaka Bertilla. Hakuwepo. Isdori aliwakaribisha, akawaambia waje Jumanne au Alhamisi, kwa kuwa siku nyingine mke wake anashona.