Mkwe Aliyemhoji Mama

"Chumba cha pasi kifungwe. Wakubwa, hapo ndipo kampuni inapovuja."

Ukumbi mzima ulimkodolea macho Profesa. Jina hilo wanafunzi wenzake walimbandika kwa miwani yake na kwa kutokubali swali limpite. Ilikuwa siku ya kutetea miradi ya mwisho ya somo la ubunifu wa kimkakati katika biashara. Mkurugenzi wa kampuni ya kufua mashuka ya hoteli na hospitali alialikwa kusikiliza.

Kidoti, mchumba wake, alikaa mstari wa pili. Mama yake alikuwa mpiga pasi katika kampuni hiyo hiyo.

"Wafanyakazi wa pasi wanafichana," Profesa aliendelea. "Yupo mmoja mwenye mgongo mbovu, hawezi hata kunyanyua furushi. Wenzake wanamfanyia kazi. Leteni mashine, watu wapungue."

Mkurugenzi alisogea mbele. "Haya umeyajuaje, kijana?"

"Nilimhoji mfanyakazi mzoefu."

Kidoti alijua ni nani. Mahojiano yenyewe yalifanyika sebuleni kwao, Profesa akinywa chai na kucheka na mama kama mtoto wa nyumbani.

Alimsubiri nje, koridoni.

"Ulimwambia mama unauliza ya nini?"

"Mambo ya shule. Hakutaka kujua zaidi."

"Angetaka vipi? Alijua anaongea na mwanawe."

"Sikumtaja mtu jina. Halafu sikiliza, mkurugenzi kanipa kazi pale pale. Harusi yetu haina tena sababu ya kungoja."

"Na wale kina mama?"

"Nisingesema mimi, angesema mwingine."

"Huyo mwingine asingekaribishwa kwetu."

Simu ya Profesa iliita. Alipokea, akaanza kupokea pongezi huku akimpa mgongo.

Wiki iliyofuata Kidoti akiwa maktaba, ujumbe wa mama uliingia: "Mwanangu, wa pasi wote tumeachishwa. Usilie huko. Chakula chako nimekifunika."

Jioni hiyo hiyo, Kidoti akiwa amesharudi nyumbani, Profesa alibisha hodi kwao.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

"Nimekuja na habari njema. Nimezungumza na mkurugenzi. Wewe utarudi, usimamie mashine mpya."

"Na wenzangu?"

"Hao siwezi, Mama."

"Hao ndio walionificha."

"Walikuficha?"

"Mwenye mgongo ni mimi. Nilikwambia 'mwenzetu mmoja' kwa aibu. Hata huyu binti sikutaka ajue, angeacha masomo." Mama alitabasamu bila furaha. "Miaka yote nanyoosha nguo za watu, kumbe kinachonila kiko kwenye yangu."

Kidoti alimtazama mama yake pale kitini, khanga imekunjwa na kusokomezwa nyuma ya kiuno. Alikuwa akiiona kila siku, akadhani ni mazoea tu.

Profesa alivua miwani.

"Nisamehe, Mama. Ningejua ni wewe, nisingethubutu kuandika."

"Kwa hiyo angekuwa mama wa mwingine, sawa?" Kidoti aliuliza.

Profesa alivaa tena miwani.

"Ilikuwa kazi ya darasa," alisema.

"Na umefaulu. Waambie wazee wako wasije tena kutoa posa."

"Kidoti, mimi nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Mama aliingilia kwa sauti ya chini. "Mwanangu, usivunje uchumba kwa ajili yangu. Mimi jua langu linatua."

"Sivunji kwa ajili yako, Mama. Na mimi kuna siku nitaugua. Naogopa kuugua mbele yake."

Profesa aliinuka, akaaga, hakuitikiwa. Mlango ulipofungwa Kidoti aliinama, akamshika mama kwapani kumsaidia kusimama. Safari hii mama hakujikaza. Aliguna kwa maumivu, akamwegemea binti yake kwa uzito wake wote, na wote wawili wakalia.