Naomba Bega

Mjukuu wangu hutoka nyumbani kabla jua halijakolea. Kazi yake ni kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha. Mimi humtazama akivuka barabara, mwanga mwembamba ukimfuata nyuma kama shuka jeupe linaloburutwa. Najivunia binti huyu, wala sioni haya kusema hivyo.

Katika nyumba moja alimhudumia mzee aliyekuwa fundi wa kushona nguo. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na mguu wa kulia. Chumba chake kilikuwa kimya kama usingizi. Pazia lilipanda na kushuka taratibu. Cherehani ilikaa dirishani, imefunikwa kitambaa, kana kwamba nayo inaota nguo zote ilizowahi kuzishona.

Asubuhi moja dereva wa ofisi alichelewa. Mjukuu wangu alimfokea njia nzima, akaingia kwa fundi akiwa bado amefura.

"Haya babu, tuvae! Nimechelewa."

Akaunyanyua mkono wa mzee na kuusukumiza kwenye shati. Fundi akamsukuma kwa mkono wake mzima. Shati likachanika.

"Niache! Mimi si mwanasesere!"

Binti wa fundi, aliyesimama mlangoni, akashusha pumzi. "Kila siku vita. Nimechoka. Ijumaa nampeleka kwenye makao ya wazee."

Fundi aligeukia dirisha. Aliitazama cherehani kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga.

Mjukuu wangu alirudi ofisini machozi yakimlengalenga. Msimamizi wake, ambaye wafanyakazi wote humwita Shangazi, akamvutia kiti.

"Yule mzee mkorofi, Shangazi."

"Huenda. Na wewe uliingia kwake na nini?"

"Na shati safi na maji ya uvuguvugu."

"Dereva ameniambia ulivyomfokea. Na hasira ile je? Uliiacha nje?"

Akafuta machozi.

"Mwanangu, hasira haikatazwi. Lakini itambue mapema. Simama mlangoni, vuta pumzi, ujiulize: nimebeba nini moyoni? Ukishaijua, haitakuendesha. Kisha mtazame mwenzako. Anapokusukuma, anakuambia nini? Usikisie, muulize. Akijibu, msikilize hadi mwisho."

"Na asipojibu?"

"Kaa naye kimya. Kimya nacho ni huduma, mradi usichungulie saa."

Kesho yake alisimama mlangoni, akavuta pumzi. Akabisha hodi, akasubiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Sauti ilitoka kama kutoka nchi ya mbali.

"Jana nilikuvisha kwa hasira, na hasira ile haikukuhusu. Nisamehe. Naona kuvishwa kunakuudhi. Au nakosea?"

Mwanga ulitambaa sakafuni, ukapanda kitandani, ukatua juu ya mkono uliolegea. Mjukuu wangu hakuchungulia saa.

"Nimewavisha watu tangu ujana wangu," fundi akasema hatimaye. "Maharusi, mahakimu, hata walevi. Sikuwahi kumpima mtu kabla sijamwambia, 'Naomba bega.' Wewe unanivisha kama anayejaza gunia!"

Mjukuu wangu akacheka bila kutaka. Fundi naye akatabasamu, upande mmoja wa mdomo.

"Basi, babu, naomba bega."

"Hili hapa. Anza na mkono mgonjwa. Taratibu. Kola, binti, kola! Unataka nionekane nimelala mtaroni?"

Ijumaa binti wa fundi alikuja na begi la kupakia nguo za baba yake. Akakuta kitambaa kimeondolewa kwenye cherehani. Baba yake ameketi, amefunga vifungo vyote, kola imesimama. Mkono wake mzima ulizungusha gurudumu, na mjukuu wangu aliongoza lile shati lililochanika chini ya sindano. Mlio wa cherehani ulijaa chumbani kama mvua nyepesi.

"Baba! Amekuvisha nani?"

"Nimevaa mwenyewe. Huyu ameniazima mikono tu."

Binti yake akaliweka begi tupu juu ya kabati. Kisha akavuta kiti, akakaa kumtazama baba yake akishona, hadi mjukuu wangu alipomwachia shati aliongoze yeye.

Nje, dereva alikuwa akisubiri. Mjukuu wangu akavuta pumzi kabla ya kufungua mlango wa gari.

"Kaka, siku ile nilikufokea. Samahani. Ulikuwa umepatwa na nini?"

"Mtoto wangu alikuwa na homa," dereva akajibu. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Wakaondoka polepole, vioo vimeshushwa, dereva akimsimulia habari za mtoto, na mlio wa cherehani ukawasindikiza hadi kwenye kona.