Niliapa Uongo Juu ya Kijito cha Baba

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mkulima wa mpunga hapa Katindiuka, Ifakara. Nina mume na watoto wanne, na mwaka huu nimevuna mpunga mwingi hadi sina pa kuuweka. Mkiniona kanisani Jumapili mtasema mama huyu amebarikiwa. Laiti mngejua!

Mkasa wangu ni wa kijito. Ndiyo, kijito tu, ambacho wakati wa kiangazi mtoto anakiruka! Kinapita katikati ya shamba alilotuachia baba, nacho ndicho mpaka: upande wa juu wangu, upande wa bondeni wa mdogo wangu Felista. Tulizaliwa wawili tu. Mama yetu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, aliishi kwa Felista.

Kazi ya kijito baba alitufundisha tangu tukiwa wasichana. Kila mwaka kabla ya mvua tulikisafisha pamoja, tukang'oa matete, tukatoa magogo na kuchota tope. Tope nalo lilikuwa na sheria yake. Pakacha moja unamwaga ukingo huu, pakacha la pili ukingo wa ng'ambo, hivyo hivyo hadi mwisho, kingo zote mbili zilingane. Ukingo mmoja ukizidi, maji yote yanahamia kwa mwenzako. Baba hakutaka mchezo katika jambo hilo.

Alipokuwa mahututi aliniita peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.

"Tekla," akasema, "kijito ni chenu nyote wawili. Usije ukamwachia mwenzako peke yake."

Nikaitikia ndiyo. Siku chache baadaye tukamzika.

Mwaka wa pili baada ya msiba Felista alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hiyo, na miguu ilimvimba vibaya. Mumewe alikuwa mbali, kwenye kazi ya mkonge. Akaniomba nimsamehe kazi ya mwaka ule.

Kwa mdomo nilikubali... moyoni nilikasirika! Nikasafisha peke yangu, na kwa hasira tope lote nikalimwaga upande wangu. Nilijiambia, jasho langu, tope langu!

Masika yalipofika, maji yaliingia kwake na kuozesha sehemu ya mpunga wake. Wangu ulistawi ajabu, maana tope lile ni mbolea tupu. Je, nilimhurumia ndugu yangu? Hata! Nilifurahi, jamani, siwafichi.

Mwaka uliofuata Felista alikuja kwangu, mtoto wake Rosa mgongoni, jembe begani.

"Shikamoo, dada. Nimekuja tuanze kazi yetu."

Sikumwitikia hata marahaba. "Kazi yetu ipi? Maji yanaingia kwako, hayaingii kwangu. Kasafishe mwenyewe!"

Aliondoka akilia, akaenda kwa jumbe. Jumbe akaja na wazee wawili, tukasimama wote ukingoni pamoja na mama. Felista alieleza vizuri tu, bila kunitukana. Jumbe akauliza marehemu alimwachia nani neno la mwisho. Mama akajibu kwa upole kwamba mkubwa yupo hapa, aulizwe yeye.

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli! Lakini ningeonekanaje mbele ya wanaume wale, mimi dada mkubwa? Kiburi kikanishinda.

"Naapa kwa kaburi la baba," nikasema, "alisema kijito ni kazi ya mwenye shamba la bondeni."

Felista alinitazama. Nilingoja apige kelele, aniite mwongo. Mama alikuwa amemshika mkono. Kisha Felista akainamisha kichwa.

"Kama dada amesema hivyo, basi."

Jumbe akaamua kama nilivyoapa. Tangu siku hiyo Felista alisafisha peke yake, mtoto mgongoni. Mimi nilikaa kivulini nikimenya karanga, nikimwona! Alifika nusu. Kwenye kona palibaki matete mazito na gogo kubwa lililoanguka, kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja. Mvua zikamkuta hapo.

Mpunga ulipoanza kuzaa tulihamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo tunamokaa kulinda ndege na nguruwe. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri. Adhuhuri Felista alikuwa chini akifukuza ndege, mama na Rosa wako juu ya dungu lake. Nikasikia mngurumo.

Maji yaligonga lile gogo, yakazuiwa, yakaja kwenye ukingo wangu. Ukingo wangu ukayakataa... Yote yakamgeukia Felista!

Nilisimama upande wangu wa juu, miguu yangu mikavu. Nilimwona mdogo wangu akijitosa, maji kifuani. Mama alipiga magoti mlangoni mwa dungu akamteremshia mtoto. Felista akamkimbiza Rosa hadi kwenye kichuguu, akamweka juu, akageuka kumrudia mama. Dungu lilikuwa limeshainama. Gogo likaja likavunja nguzo.

Mama aliita mara moja tu. Hakumwita Felista. Aliita, "Tekla!"

Nilifanya nini? Nilipiga mayowe. Sijui kuogelea, na hata ningejua, ningevuka vipi maji yale? Wavuvi walimpata siku ya tatu, chini huko karibu na Kivukoni.

Msibani watu walinipa pole, walinishika mikono, walinipikia uji. Kila pole ilinichoma. Matanga yalipoisha sikuweza tena. Nikaenda kwa Felista, nikamkuta anafunga mizigo. Nikapiga magoti.

"Mdogo wangu, nilisema uongo. Baba hakusema vile..."

Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kukunja kanga za Rosa.

"Najua, dada. Siku ile ile ulipotoka chumbani kwa baba, alituita mimi na mama akatuambia maneno hayo hayo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya jumbe.

"Mama aliniminya mkono. Alisema nisikuaibishe mbele ya watu, wewe ni mkubwa wangu. Alisema utaona haya mwenyewe, utakuja na jembe. Kila nilipotoka kijitoni aliniuliza, 'Dada yako amekuja?' Kila siku, dada."

Kesho yake alivuka na pantoni kwenda kwa wakwe zake upande wa Mahenge. Sijamwona tena. Nimeandika barua, hajajibu. Nilikwenda kwa jumbe nikasema kweli yote, akatikisa kichwa tu. Shamba la Felista lilibaki bila mtu, likawa mikononi mwangu. Ndio mpunga huo niliowaambia. Nalima pande zote mbili, nasafisha kijito chote, na sina raha.

Padri ameniambia Mungu anasamehe. Nami naamini. Ila si Mungu aliyekaa kwenye dungu akiningoja.

Ndugu msomaji, kama una mpaka na ndugu yako, na kazi yenu imelala kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake ajishushe, chukua jembe uende. Usiangalie nani mkubwa, nani mdogo. Na kama umeshasema uongo, nenda leo ukaufute, kabla ya jua kuchwa.

Tangu siku niliyoapa hadi siku ya maji ilipita miezi mitano. Miezi mitano mama aliuliza kama nimekuja... na nyumba zetu ziko karibu kiasi cha kusikiana tukiitana. Sikwenda hata siku moja.