Leseni Haiazimwi kama Sufuria

Kwa Latif na Shamim, pale Bwaise, kazi huanza baada ya chai. Latif huwasha gari lake la mizigo na kwenda sokoni Nakawa. Shamim hufagia, hupeleka watoto shule, kisha huketi mbele ya kompyuta. Meza yake imesimama juu ya matofali, kwa sababu mvua ikinyesha maji huingia ndani bila hodi.

Shamim hutengeneza video za harusi. Harusi za Wanubi, watu wa kabila lao, ni ndefu, zina ngoma na nguo za kupendeza, na kila shangazi anataka kuonekana. Shamim hukata, huunganisha na kuandika majina. Wateja wanampenda kwa sababu hakati shangazi wa mtu.

Juma hilo alikuwa na harusi ya Latifah, mdogo wake Latif. Bibi yao, Haboba Fatumah, hakuweza kuhudhuria. Alikuwa kitandani kule Bombo, miguu imegoma. Latifah ndiye mjukuu aliyemlea kwa mikono yake. Kila siku bibi alipiga simu na kuuliza, "Harusi yangu iko wapi?"

Picha zote zilikuwa ndani ya kompyuta ya Shamim, na hapakuwa na nakala nyingine. Kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa kwa ajili ya kazi mpya.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imetoka kwa fundi kabla tu ya harusi hiyo. Umeme uliunguza bodi yake ya ndani, ikakaa huko muda mrefu hadi ikawekwa bodi mpya. Sasa pembeni mwa kioo kulikuwa na maandishi yaliyosema kwamba Windows inahitaji leseni. Shamim alichukua boksi walilonunua dukani, akaandika namba yake. Kompyuta ikakataa.

"Baba Aziz, njoo uone," Shamim akamwita mumewe. "Inasema namba yetu iko kwa kompyuta nyingine. Nani anaitumia?"

Latif akakuna kichwa. "Si ni binamu yangu Sulaimani. Alikuja wakati kompyuta iko kwa fundi, nikampa. Namba ilikuwa imekaa bure tu."

Usimcheke haraka. Katika ukoo wao sufuria kubwa za harusi hazikai kabatini. Zina mwenyewe, lakini huzunguka nyumba hadi nyumba, na anayezificha huitwa mchoyo hadi kwa wajukuu. Latif aliona leseni nayo ni hivyo hivyo.

"Mwambie airudishe," Shamim akasema.

"Nimdai binamu yangu kitu nilichompa kwa mkono wangu? Bannange, Shamim! Unataka ukoo mzima unisengenye?"

Aibu ni mzigo mzito. Ili asimpigie Sulaimani, Latif alitafuta njia ya mkato. Jioni alirudi na flashi.

"Mtu mmoja mjini amenipa dawa," akasema kwa furaha. "Unazima kinga ya virusi, unafungua hii kitu, kompyuta inakubali bila leseni."

Akaizima kinga. Alikuwa ameshika flashi mkononi wakati Akoth alipoingia. Akoth ni jirani yao, Mkenya, anayetunza kompyuta za ofisi moja kule Nakasero. Alikuwa amekuja kumchukua mtoto wake.

"Shemeji, ngoja! Hiyo usiiweke."

"Kwa nini? Watu wengi wanatumia."

"Na wengi wamelia. Mtu akikwambia uzime kinga ndiyo programu yake iingie, jiulize anataka kuingiza nini. Programu kama hizo huweza kubeba virusi. Vinafunga mafaili yako, vinaiba maneno yako ya siri. Na hata ikikubali, bado huna leseni."

Shamim akaweka mkono juu ya kompyuta. "Harusi ya Latifah iko humu," akasema polepole. "Haiko pengine popote."

Latif akaiangalia ile flashi. Akamfikiria bibi yake. Akaenda nje, akaitupa kwenye taka.

"Sasa picha zitafutika?" Shamim akauliza.

"Hapana, dada. Kukosa leseni hakufuti kazi yako. Lakini si vizuri kufanyia watu kazi kwa programu isiyo na leseni. Kwanza washa kinga, halafu tutoe nakala."

Akoth alikwenda kuleta diski ya nje, wakanakili harusi yote. Ndipo Shamim alipopumua na kukumbuka kumkaribisha chai.

"Kale, sawa," Latif akasema, "basi tupe namba ya ofisi yenu. Si nyinyi mna kompyuta nyingi?"

Akoth akacheka. "Hiyo ni leseni ya kampuni. Kampuni inailipia kwa kompyuta zake tu. Nikiitoa nje ninaiba, na siku wakiifunga utabaki na shida yako."

"Na ile yetu ya kwenye boksi?"

"Hiyo ni yenu kweli. Mkibadilisha kompyuta, mnaweza kuihamisha. Lakini inakaa kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Ikiwa kwa Sulaimani, haiwezi kuwa hapa. Kuna na nyingine inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani. Hiyo haihami. Kompyuta ikifa, nayo imekwisha."

Latif hakuwa tayari kushindwa. "Basi tununue mpya. Tena toleo la Pro, kama hii yetu. Ndiyo ya wakubwa."

"Wakubwa gani?" Akoth akauliza. "Pro inaongeza mambo ya ofisi. Kompyuta nyingi chini ya msimamizi mmoja. Kuingia kwenye kompyuta yako ukiwa mbali. Njia zaidi za kufunga diski. Dada Shamim anatumia hayo?"

"Mimi nakata video tu," Shamim akasema.

"Basi hata toleo la Home lingekutosha. Video, intaneti, masomo ya watoto, yote yamo. Kuna pia Linux, ambayo ni ya bure na ya halali. Ila programu yako ya video haiko huko, ungelazimika kujifunza nyingine."

"Wakati bibi anangoja?" Shamim akamgeukia mumewe. "Baba Aziz, piga simu."

Latif alishika simu akaizungusha mkononi. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini alipiga.

"Sulaimani, ndugu yangu. Ile namba... naihitaji. Nisamehe."

Kicheko cha Sulaimani kikasikika chumba kizima. "Unasema nini? Nilifikiri umenipa kwa sababu unazo nyingi! Nakuja kesho."

Kesho yake Sulaimani alikuja na laptopu yake. Akoth aliigeuza. Chini palikuwa na kibandiko cha Windows.

"Laptopu hii ilikuja na leseni yake," akasema. "Ilikuwa na toleo gani kabla hujaweka namba ya Latif?"

"Home. Niliona Pro inasikika vizuri zaidi."

"Kwa hiyo uliazima sufuria na yako iko jikoni," Shamim akasema. Wote wakacheka, na Latif akacheka kuliko wote, maana mzigo ulikuwa umemtoka.

Akoth alinakili mafaili ya Sulaimani, akaiondoa ile namba, akaweka Home upya. Laptopu ikaitambua leseni yake yenyewe. Kisha Shamim akaandika namba ya boksi kwenye kompyuta yake. Safari hii ikakubali. Akoth akamwonyesha sehemu ya Activation ndani ya mipangilio, mahali pa kuhakikisha toleo alilo nalo na hali ya leseni.

Shamim alimaliza video, wakaipeleka Bombo. Chumba cha bibi kilijaa watu. Wimbo wa kwanza ulipoanza, Rajab, binamu mwingine, akamwinamia Latif.

"Ndugu, nimenunua kompyuta. Nipe ile namba yako."

Zamani Latif angeitoa kabla hajaulizwa mara mbili. "Hiyo siwezi," akasema. "Inatosha mashine moja tu. Lakini lete kompyuta yako, tuangalie kwanza ilikuja na leseni gani. Huenda huhitaji kununua chochote."

"Unaninyima?"

"Nyamazeni nyinyi wawili!" Haboba Fatumah akasema kutoka kitandani. Alikuwa ameketi wima, machozi yanamtiririka, mkono umeelekea kwenye kioo, ambako Latifah alikuwa akitoka mlangoni na nguo zake za harusi. "Mtoto wangu anatoka."