Pamba ya Kitanda cha Kujifungulia

Asubuhi za Kwandu zilifanana. Alifagia uwanja, alichota maji kisimani, aliwafungulia ndama, kisha alikimbilia shule huku akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa darasa la sita. Wazazi wake, Mihayo na Monika, walilima pamba katika kijiji kisicho mbali na Dutwa. Mdogo wake, Shida, alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliotangulia, na Kwandu sasa alilala peke yake kitandani walikozoea kulala wawili. Kitanda kile kilimwia kikubwa mno.

Mwezi wa saba wanakijiji walikaa mkutano kuhusu zahanati yao. Wengine walitaka wachangie dawa za malaria, wengine taa. Mwishowe walichagua kitanda cha kujifungulia, kwa sababu msimu uliopita mwanamke mmoja alishikwa na uchungu juu ya baiskeli, njiani kwenda Bariadi, na mtoto hakupona. Kila kaya ilitakiwa kuleta kapu moja la pamba ili iuzwe, kitanda kinunuliwe. Asiyeleta angetengwa, maana huku hakuna mchezo na mchango wa wote.

Mihayo alimtwisha Kwandu kapu lililojaa. "Mkabidhi katibu Joakim mkononi," alisema. "Mama yako atakihitaji kitanda hicho kabla ya mvua." Monika alikuwa na mimba ya miezi saba.

Njiani Kwandu alimkuta mgeni mwenye baiskeli na mizani ya kuning'iniza. Zamani, mtu mwenye mizani asiye wa chama cha ushirika angeulizwa maswali. Lakini mwaka ule serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi, na mizani zilizagaa barabarani kama kuku. Huyu hata hakununua. Alitoa picha ya mtoto mwembamba aliyelala hospitalini.

"Ni mgonjwa wa moyo," alisema kwa upole. "Tunakusanya pamba ili atibiwe. Wewe ninaona una roho nzuri."

Kwandu aliitazama picha akamwona Shida. Hakuuliza mtoto anaitwa nani wala yuko hospitali gani. Alilitua kapu. Mgeni akampa karatasi yenye mhuri, akafunga pamba kwenye baiskeli na kuondoka.

"Umefikisha?" baba yake alimuuliza jioni.

"Ndiyo, baba."

Siku mbili baadaye majina ya waliochangia yalisomwa mkutanoni. La Mihayo halikuwamo. Alisimama mbele ya kijiji kizima akasema, "Nilimtuma mwanangu, na mwanangu hasemi uongo." Kwandu, aliyeketi nyuma na wanawake, aliinama akachorachora mchanga kwa kidole. Mkutano ukaamua Mihayo na nyumba yake watengwe.

Kuanzia hapo hakuna aliyewasalimia, wala kuwapa moto, wala kuwasaidia kuvuna. Kisimani wanawake walinyamaza Kwandu alipofika, wakaendelea na mazungumzo alipoondoka. Violeth, waliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, alihamia kwa wengine.

"Mama amenikataza," alisema bila kumtazama.

Mihayo alizunguka nyumba hadi nyumba akiapa kwamba alichanga, akarudi mabega yamemlegea. Hakumshuku Kwandu hata kidogo. Jioni alimkatia binti yake tonge kubwa na kumwambia asijali, Mungu anaona. Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Kutosemeshwa na kijiji ni kubaya, lakini kupendwa na watu unaowadanganya kulimwacha mpweke hata akiwa ameketi katikati yao.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kwandu ilikuwa na urefu wa siku tisa. Siku ya tisa mama yake aliteleza na ndoo ya maji, akakaa chini ameshika tumbo. Kwandu alikimbia kwa jirani, mama Novatus, akamsihi aje. Mama yule alisimama mlangoni, machozi yakimlenga.

"Tumekatazwa, mwanangu," alisema, akafunga mlango.

Maumivu ya Monika yalipoa baada ya saa moja. Kwandu hakungoja zaidi. Alimfuata baba yake zizini akampa ile karatasi, akasema, "Baba, pamba sikuifikisha. Nilimpa mtu mwingine, nikakudanganya."

Mihayo hakumpiga. Alikaa juu ya jiwe akalia. "Kapu ningesamehe," alisema. "Lakini nimeapa kwa jina lako nyumba thelathini."

Kesho yake Kwandu alisimama mkutanoni akaeleza mwenyewe. Wazee waliondoa adhabu, wakaagiza achume kapu jingine kwa mikono yake. Mama Novatus alimwendea Monika mbele ya wote. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama, na hakuuachia mkono wake kwa muda mrefu.

Pamba iliyobaki shambani ilikuwa kidogo. Kwandu alichuma siku nne, peke yake, vidole vikichomwa na maganda makavu. Alipopita zahanati na kapu lake, nesi Evalina alimwita akae kivulini. Mihayo alikuwa amemwachia ile karatasi.

"Mhuri huu hauna jina la hospitali wala la mji," nesi alisema.

"Kwa hiyo nisisaidie wagonjwa wa mbali?"

"Wasaidie. Wapo wa kweli, na wapo wanaowakusanyia kwa haki. Lakini mwenye haki haogopi kuulizwa mgonjwa yuko wapi, nani anamtibu, na tutajuaje kwamba mchango umefika. Akikasirika, shika kapu lako. Tena ujue unachotoa ni cha nani. Pamba ile ilikuwa imeahidiwa kwa mama yako na wenzake."

"Nilimwona Shida kwenye ile picha."

"Ninajua. Huruma yako si kosa, Kwandu. Kosa ni kuficha. Ungetuambia siku ileile, tungekugombeza kidogo, tukachuma nyingine. Badala yake umekaa siku tisa peke yako, na wazazi wako ukawatia katika upweke huohuo."

Kwandu alilia kwa sauti, na nesi hakumnyamazisha. Alipomaliza, Evalina alishika kapu upande mmoja, Kwandu akashika upande wa pili, wakalipeleka kwa Joakim.