Pengo Kwenye Kisu Kipya

Kila jioni, akishavua sare za shule na kunawa mikono, Chiriku alikuwa akiingia jikoni kumsaidia mama yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alimenya viazi huku akisimulia nani kasinzia darasani na nani kachekwa na wenzake, mpaka mama akamwomba apumzishe ulimi angalau mpaka chumvi ikolee.

Jumamosi iliyopita walikuwa wamekwenda pamoja kununua kisu. Kile cha zamani kilikuwa butu kiasi kwamba siku moja kiliteleza juu ya nyanya kikamkata mama kidole. Mwenye duka, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni, aliwapangia visu vya mtindo wa Kijapani juu ya kitambaa. Chiriku alikimbilia kile chenye mawimbi ya kung'aa kwenye bapa.

"Kisu hakichaguliwi kwa macho, mwanangu," mwenye duka alisema. "Mwachie mama akishike."

Mama alishika kimoja baada ya kingine. Mwishowe alichagua kisichokuwa na urembo wowote, chenye mpini wa mbao, kwa kuwa kilitulia kiganjani bila kulemea mbele wala nyuma. Mwenye duka alikipitisha kwenye karatasi, ikaachana bila sauti.

"Chuma chake ni kigumu na makali ni membamba," akaonya. "Ndiyo maana hakiwi butu upesi. Lakini chuma kigumu humeguka. Kateni mboga, kateni nyama laini. Mfupa kisiuguse kabisa."

"Tumesikia, shangazi," Chiriku alijibu, kabla mama hajafungua mdomo.

Sasa mama alikuwa uani akianua nguo, na Chiriku alikuwa jikoni peke yake akiandaa supu. Mfupa mmoja mrefu uligoma kuingia sufuriani. Kishoka cha mifupa kilikuwa stoo, nyuma ya mkaa, na Chiriku aliona uvivu kwenda kukitafuta. Kisu kipya alikuwa nacho mkononi. Alikiinua akapiga, akapiga tena, mfupa ukapasuka. Aliutumbukiza kwenye sufuria pamoja na mingine, akageuka kuosha kisu.

Hapo akashtuka. Kwenye makali palikuwa na pengo dogo, mithili ya punje ya mchele. Alikitafuta kipande kilichomeguka juu ya ubao, kwenye sinki, kisha sakafuni kwa magoti. Hakikuwapo. Akaitazama sufuria iliyokuwa ikianza kutokota.

Alijua la kufanya. Lakini aliukumbuka uso wa mama pale dukani, jinsi ulivyofurahi, akaogopa. Akakichomeka kisu mahali pake, makali yakafichika. Alijiambia kwamba labda kipande kimerukia dirishani.

Supu iliiva, na Chiriku hakusema neno. Alipanga mabakuli mezani.

"Leo ndege wetu kameza nini?" mama akauliza.

"Kichwa kinaniuma tu, mama."

Bibi, aliyekuwa ameshika upawa, alimtazama kwa makini. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema taratibu, akaanza kupakua.

Bakuli la kwanza lilikwenda kwa mdogo wa kiume wa Chiriku, kitinda mimba wa nyumba, ambaye njaa yake haikujua kusubiri. Alichota kijiko, akakipuliza, akakipeleka mdomoni. Chiriku aliona kile kijiko kikipanda na akahisi koo lake mwenyewe linakatwa.

"Usile," alipiga kelele, akakipokonya kijiko mkononi mwa mtoto. Supu ikamwagika mezani. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja, mfupa, kisu, pengo na kipande kisichoonekana.

Mama hakugomba, na hilo lilimtisha Chiriku zaidi. Alimgeukia mtoto. "Umeshakula chochote humu?"

Mtoto alianza kulia. "Bibi alinionjesha jikoni, dada alipokuwa akipanga meza. Kidogo."

Bibi aliketi ghafla, mkono kifuani. Mama alibandua sumaku kwenye mlango wa friji, akaifunga kwa mfuko safi wa plastiki. Akaichuja supu yote, akaipitisha sumaku kwenye viazi na karoti, hata kwenye mashapo ya chini. Haikunasa kitu. Chiriku aliushika mkono wa mdogo wake, akimwomba Mungu kimoyomoyo.

"Vaa viatu," mama alimwambia mtoto. "Tunakwenda hospitali."

"Mama, ule mfupa," Chiriku alisema. "Bado hatujaupima ule mfupa nilioupiga."

Mama aliisogeza sumaku kwenye ufa wa mfupa. Ikasikika tiki. Kipande kilikuwa kimejikita humo, na kilipolinganishwa na pengo la kisu kilikaa sawasawa, hakuna kilichobaki. Bibi alipumua kwa nguvu. Chiriku akaangua kilio.

Supu ilimwagwa, maana hakuna aliyekuwa na hamu nayo tena, wakala mkate na chai. Baadaye mama alimwita Chiriku, akakishika kisu kwenye mwanga.

"Jumamosi tutakirudisha dukani, kikanolewe hadi pengo liishe. Kitapungua upana kidogo, lakini kitakata."

"Nisamehe, mama. Niliogopa utanikasirikia."

"Nimekasirika kweli, na mifupa utakwenda kuivunja kwa kishoka hata kama kiko chini ya mkaa wote. Lakini kuharibu kitu ni ajali, na ajali husemwa palepale. Kisu kikiharibika, kinanoleka. Koo la mdogo wako, mwanangu, halinoleki."