Taran na Mablanketi Matatu

Habari hiyo niliisikia dukani, pale tunaponunua chakula cha mifugo. Eti farasi wa mzee Pugh, jirani yetu wa juu mlimani, alinyolewa manyoya Jumatatu, na Jumatano akakutwa amekufa kwa baridi. Amekufa wima, alisema aliyeleta habari, miguu minne imesimama kama meza. Nilibeba gunia langu nikaondoka, lakini ile meza ikanifuata mpaka nyumbani.

Sisi tuna farasi mmoja, Taran. Ni wa mbegu ya huku huku milimani Wales. Ni mfupi, kifua kipana, na kila Oktoba huota manyoya mazito kama zulia. Alikuwa wa baba mkwe wangu, mzee Idwal. Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, kila shamba la bonde letu hutoa farasi mmoja, nao huteremka pamoja mpaka ufukweni. Kila shamba lina nafasi yake kwenye mstari. Nafasi yetu ilikaa wazi miaka mitatu, tangu nyonga ya mzee ilipogoma. Mwaka huu binti yangu Mabli ametimiza miaka kumi na sita, na babu yake akasema sasa aende yeye.

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Mabli alikula amesimama. Alihesabu wiki kwa sauti. Aling'arisha hatamu ambayo ilikwisha kung'aa.

Aliniomba jambo moja tu: Taran anyolewe, kwa sababu akikimbia na manyoya yale hulowa jasho chapachapa. Mimi nikaiona ile meza. Nikamwambia hakuna mashine itakayomgusa farasi huyo nikiwa hai.

Badala yake nikanunua blanketi la farasi, turubai kwa nje, pamba kwa ndani. Jioni nikamshika Taran masikio, nikayakuta ya baridi, nikaongeza blanketi la pili. Upepo ukageuka, nikamshika tena masikio. Baridi bado. Basi nikaingia chumbani kwa mzee Idwal, nikavua blanketi la sufu kitandani, nikalitandika chini ya yale mawili.

Mzee hakugomba. Alisema tu, tukiwa mezani, kwamba katika nyumba hii farasi analala na sufu na yeye analala na koti la mvua, basi tuangalie asije akaletewa nyasi kwenye sahani.

Kila akitoka shule, Mabli alimpeleka Taran mazoezini, mwendo wa matiti, ule wa mbio fupi fupi, kupanda kilima. Walirudi farasi anafuka mvuke kama chungu. Mimi nilisubiri mlangoni mwa banda na mablanketi yangu, nikamfunika hivyo hivyo na jasho lake, kabla upepo haujampiga. Niliona namwokoa.

Kufika mwisho wa Novemba, Taran akawa mzito. Alijikuna kwenye nguzo mpaka nguzo ikalegea. Siku moja alimng'ata Mabli begani, na hajawahi kumng'ata mtu. Mabli alilia, lakini si kwa maumivu. Alisema zimebaki wiki nne, na farasi asiyeweza kumaliza kilima hiki hawezi kufika ufukweni na kurudi.

Hapo nikamwita Nesta. Ni jirani yetu. Amelea farasi wa watu miaka arobaini, na kila vuli huzunguka mashambani na mashine yake ya kunyolea. Alipofika alikwenda moja kwa moja bandani. Aliingiza mkono chini ya mablanketi, pale shingo inapoishia juu ya mabega. Akautoa, akanionyesha kiganja. Kilikuwa kimelowa.

"Mererid," akaniambia, "huyu unamfunika au unampika?"

Nikamwambia masikio yake ni ya baridi.

"Na pua yako je? Mbona hujaivalisha blanketi?"

Mzee Idwal alicheka mpaka akashika nyonga.

Nesta alivua blanketi la kwanza, la pili, la tatu. Mvuke ukapanda darini. Mabegani manyoya yalikuwa yamekatika, ngozi imekuwa nyekundu, na mgongoni vilitoka vipele vidogo vyenye ukoko. Nikataka ardhi inimeze. Mimi ndiye niliyefanya hivyo, kwa upendo wangu wote.

Akanieleza taratibu. Manyoya ya farasi husimama, na katikati yake hukaa hewa yenye joto. Blanketi likiyalaza, koti lake la asili halifanyi kazi. Joto jingine hutoka tumboni, anaposaga majani makavu usiku kucha. Tumbo ndilo jiko lake. Kinachomuumiza ni mvua na upepo pamoja, akikosa pa kujikinga. Masikio hayasemi kweli. Ingiza mkono chini ya blanketi, nyuma ya shingo. Ukikuta pakavu na vuguvugu, mwache. Ukikuta unyevu, amezidiwa.

Kisha akanifanya nibonyeze mbavu za Taran. Sikuzipata. Nesta akasema blanketi huficha mwili, farasi akikonda huoni, akinenepa huoni. Na hawa wa milimani wasipopungua kidogo wakati wa baridi, majani mabichi yakitoka wananenepa kupita kiasi na kuugua kwato.

Ndipo nikamuuliza habari ya farasi wa Pugh aliyekufa wima.

"Nani kafa? Jana tu kanilia kofia yangu."

Ukweli ulikuwa huu. Farasi yule ni mzee na amekonda. Mtu mmoja mwenye haraka alimnyoa mwili mzima, akamwacha nje bila blanketi. Alitetemeka siku mbili. Nesta akamwingiza bandani, akamfunika, akampa majani ya kutosha, na sasa anakula kofia za watu. Basi kunyoa pekee hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kumvua farasi mzee koti na kutompa jingine.

Mabli akauliza kama Taran atakwenda ufukweni. Nesta hakumjibu yeye, alinitazama mimi.

"Angekuwa wa kutembezwa Jumapili tu, ningesema acheni mashine na acheni blanketi, koti analo. Lakini huyu anatoka jasho kila siku, na manyoya hayo yanakauka kwa saa tatu. Tumpunguzie pale anapolowa tu. Ngozi ikipona. Isipopona, hatoki."

Siku kumi Taran alikaa wazi, mkavu, bila kazi, akiingia bandani mvua ikija. Mabli alisafisha vipele kama alivyoelekezwa na daktari wa mifugo. Kila asubuhi tulikwenda sote watatu kumtazama, mzee na fimbo yake, tunasukumana mlangoni nani atangulie. Siku ya nane ngozi ilikuwa imefunga. Siku ya kumi Nesta akaja na mashine.

Kamba niliishika mimi mwenyewe. Nesta aliiwasha mashine mbali kwanza, Taran akaizoea sauti. Akachora mstari kwa chaki, akanyoa chini ya shingo, kifuani na tumboni. Kila mara aligusisha wembe mkononi mwake aone kama umepata moto. Mgongo hakuugusa, wala miguu. Taran alisinzia, na mimi ndiye niliyeng'ang'ania kamba. Alipomaliza, Mabli alimzunguka mara tatu kama mtu anayetazama gari jipya.

Tukabakiza blanketi moja jepesi lisilopitisha maji, la kuvaa akiwa amepumzika na mkavu. Wiki mbili za mwisho Mabli alianza kwa kumtembeza tu, kisha akamwongezea kidogo kidogo, na kilima kikawa si kitu. Taran akirudi, alikauka kabla chai haijaiva.

Siku yenyewe kulikuwa na barafu nyembamba barabarani na jua. Farasi kumi na saba waliteremka, na nafasi ya tano ilikuwa yetu. Walipofika mchangani wakaachiwa, wakaenda shoti, na Mabli alipiga kelele ambayo sijamsikia akipiga tangu akiwa mtoto. Mzee Idwal alisimama kando yangu. Aliinua kofia, akaishikilia juu mpaka mkono ukachoka.

Waliporudi nyumbani, mkono wangu ulikwenda kwenye masikio kwa mazoea. Nikauzuia. Nikaupeleka nyuma ya shingo. Pakavu. Vuguvugu.

"Basi," mzee akasema, "leo nirudishiwe blanketi langu."

Nawaandikia wenzangu wenye farasi na wenye hofu kama yangu. Epukeni haya:

Usimnyoe farasi asiyefanya kazi ya kumtoa jasho.

Usimnyoe kisha ukamwacha bila blanketi. Mzee, mgonjwa na aliyekonda ndio wa kwanza kuhitaji blanketi.

Usimfunike akiwa na jasho, mpaka akauke.

Usipime baridi kwa masikio.

Usiache blanketi siku nzima bila kulivua umtazame mabega na mbavu.

Usipunguze majani makavu usiku wa baridi.

Na usiamini farasi amekufa kabla hujapanda mlima kumwona. Ukienda, vua kofia.